Tetesi Hazina Gramu: Ushauri kwa Wanaosubiri Sarafu Mpya ya Dhahabu

Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, ukishaipita Misigiri, basi huanza kuteremka Mlima Sekenke. Dereva hupunguza mwendo, mazungumzo ndani ya basi nayo hupungua, na mbele yako mbuga ya Wembere hufunguka, pana, ya rangi ya majani makavu. Chini ni Shelui. Abiria wengi wanaujua mlima huu kwa kona zake. Wachache wanajua kwamba dhahabu iliyochimbwa Sekenke, katika wilaya ya Iramba, ndiyo iliyopelekwa Tabora mwaka 1916 ikapigwa chapa kuwa sarafu ambayo leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanaigombea minadani.

Naanza na mlima huo kwa sababu ya swali ninaloulizwa kila mara na vijana wa mkoa wetu, walimu, wafanyabiashara wa alizeti, hata wachimbaji wadogo wa Londoni na Sambaru: "Sarafu ya dhahabu inayokuja itakuwa na picha gani, na nianze kujipanga lini?" Mwaka 2026 umelitia swali hilo moto zaidi. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango tarehe 14 Juni 1966, hivyo mwaka 2026 ni wa 60 kwake. Tarehe 9 Desemba ya mwaka huohuo Uhuru wa Tanganyika unatimiza miaka 65. Penye kumbukumbu kubwa wakusanyaji hubashiri, na penye ubashiri wajanja hufungua duka.

Sina ugomvi na ubashiri. Ni raha ya wakusanyaji dunia nzima, na ukifanywa vizuri unamfundisha mtu historia ya nchi yake. Ugomvi wangu ni na ada ya mtoto kulipia sarafu ambayo hakuna aliyeiona. Katika makala hii nataka tuone sarafu hizi huzaliwa vipi, thamani yake huhesabiwa vipi, hupimwa vipi na hutunzwa vipi. Ukimaliza kusoma, ubashiri wako uwe na msingi na pesa yako iwe na ulinzi.

Tembo aliyetoka Sekenke

Tuanze na sarafu yetu wenyewe, kwa kuwa masomo yote ya makala hii yamo ndani yake.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sarafu kutoka Ujerumani zikakosa njia. Serikali ya kikoloni ikachapa noti za dharura, lakini watu walizitilia shaka. Waliokuwa wakiuza chakula na kubeba mizigo walitaka kitu kinacholia kikidondoka. Ndipo ikaanzishwa karakana ya sarafu Tabora, kwenye mji wa reli. Ilipiga vipande vya heller 5 na heller 20 vya shaba na shaba nyeupe. Neno "hela" tunalolitumia kila siku sokoni limetokana na heller hizo za Mjerumani. Kisha, mwaka 1916, ikapiga kipande cha dhahabu cha rupia 15.

Kwa nini 15? Kwa sababu wakati ule rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Kila kipande kina uzito wa gramu 7.168, kipenyo cha milimita 22, na dhahabu yake ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani gramu 5.376 za dhahabu safi. Upande mmoja yupo tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, chini mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Upande wa pili yupo tai wa dola ya Ujerumani. Vilitolewa vipande takriban 16,000, na kuna aina mbili: katika aina moja ua la mapambo la upande wa tai huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine huishia chini ya herufi A ya kwanza. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ya karakana hiyo ikafika mwisho.

Angalia thamani ya leo ya kipande hicho inatoka wapi. Dhahabu yake ni kidogo. Inayobaki ni idadi ndogo, historia inayothibitishika, na picha ambayo mtu akiiona mara moja haisahau. Hakuna kati ya hivyo vitatu kilichojulikana kabla sarafu haijatoka. Yule aliyepokea rupia 15 Tabora mwaka 1916 hakuwa anabashiri chochote. Alikuwa anataka malipo yenye uzito.

Picha huamuliwa na nani

Kwa sheria ya mwaka 2006, Benki Kuu ya Tanzania peke yake ndiyo yenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu nchini. Kwa hiyo, picha ya sarafu halali ya kumbukumbu haiamuliwi na duka, na haiamuliwi na msimamizi wa kundi la simu anayedai ana ndugu ndani ya ofisi. Mpaka Benki Kuu itangaze, kila mchoro unaouona ni mchoro wa mtu.

Nchi nyingine zina utaratibu ulio wazi zaidi kwa mkusanyaji. Uingereza ina kamati ya ushauri wa michoro tangu mwaka 1922. Marekani, sarafu ya kumbukumbu lazima kwanza ipitishwe kwa sheria ya Bunge, na tangu mwaka 2003 kuna kamati ya raia inayojadili michoro hadharani. Mkusanyaji wa kule anaweza kuona michoro kadhaa inayoshindanishwa miezi mingi kabla ya sarafu kuuzwa. Huku kwetu hatuna dirisha la namna hiyo, kwa hiyo inatubidi tusome nyayo za nyuma.

Nyayo hizo zinasomeka. Sarafu za kwanza za shilingi ya Tanzania, zilizochorwa na Mwingereza Christopher Ironside na kutoka mwaka 1966, zilibeba sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na samaki kwenye senti 5, mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50, na Mwenge wa Uhuru kwenye shilingi 1. Kiongozi upande mmoja na mnyama upande wa pili: utaratibu huo umedumu mpaka leo. Itazame sarafu ya shilingi 500 iliyo mfukoni mwako, ile iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014: upande mmoja Mzee Abeid Amani Karume, upande wa pili nyati.

Sarafu za kumbukumbu nazo zina mkondo wake. Mwaka 1971 ilitoka shilingi 5 kwa miaka 10 ya Uhuru. Mwaka 1981 zikatoka za miaka 20, ikiwemo ya dhahabu ya shilingi 2,000. Mwaka 1986 ilikuwa zamu ya Benki Kuu yenyewe kutimiza miaka 20, ikatoka shilingi 20. Mkondo mwingine ni wa hifadhi ya wanyama. Mwaka 1974, katika mfululizo wa kimataifa wa hifadhi, Tanzania ilitoa twiga kwenye shilingi 25 za fedha, faru kwenye shilingi 50 za fedha, na duma kwenye shilingi 1,500 za dhahabu. Mwaka 1986 wanyama walirudi: tembo kwenye fedha na ndege chozi wa kijani kwenye dhahabu.

Anayebashiri kwa busara huweka mezani vitu viwili: miaka inayogawanyika kwa kumi, na wanyama. Hapo ubashiri wako umesimama juu ya kitu. Lakini kumbuka kwamba nyayo huonyesha mnyama alikopita, hazimlazimishi apite tena. Kumbukumbu inaweza kufika na sarafu isitoke. Inaweza kutoka ya fedha tupu bila ya dhahabu. Inaweza kutoka ya dhahabu ikauzwa kwa bei ambayo haikuachii faida kwa miaka mingi. Ubashiri wa picha ni kitu kimoja, ubashiri wa bei ni kingine kabisa, na wengi hupotea pale wanapodhani kwamba wakilipata la kwanza wamelipata na la pili.

Hesabu ije kabla ya mapenzi

Sarafu yoyote ya dhahabu ina bei mbili ndani yake. Ya kwanza ni bei ya dhahabu yenyewe. Ya pili ni nyongeza: uchache, uzuri, historia, hali yake, na idadi ya watu wanaoitaka. Ya kwanza unaweza kuihesabu mezani kwa kalamu. Ya pili unaijua siku unapouza.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Chukua uzito wa sarafu, zidisha kwa kiwango cha dhahabu yake, kisha zidisha kwa bei ya gramu moja ya dhahabu safi siku hiyo. Bei elekezi hutolewa na Tume ya Madini, na mkoa wetu una soko la madini ambako mtu yeyote anaweza kuuliza. Kwa ajili ya mfano tu, tuseme gramu moja ni shilingi 300,000. Rupia 15 ya Tabora ina gramu 5.376 za dhahabu safi. Dhahabu yake ni shilingi 1,612,800. Duma wa mwaka 1974 ana uzito wa gramu 33.437 na kiwango cha 900 kwa 1,000. Hiyo ni gramu 30.09 za dhahabu safi, sawa na shilingi milioni 9 na ushee. Thamani iliyoandikwa usoni mwake ni shilingi 1,500. Ndiyo maana nasema thamani ya usoni isikudanganye wala isikutishe. Kwenye sarafu ya dhahabu ni jina tu.

Sasa fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Toa bei ya dhahabu kwenye bei unayoambiwa ulipe. Kinachobaki ndicho unachokinunua kwa imani. Kama unaambiwa ulipe milioni 4 kwa kitu chenye dhahabu ya milioni 1.6, umelipa milioni 2.4 kwa ajili ya nyongeza. Jiulize: nyongeza hiyo inasimama juu ya nini? Kwa rupia 15 ya kweli, yenye hali nzuri, ina pa kusimama: miaka zaidi ya mia ya minada na vitabu vya wakusanyaji. Kwa sarafu ambayo haijatoka, haina pa kusimama.

Uchache ndio huibeba nyongeza kwa muda mrefu. Kenya, mwaka 1966, ilitoa sarafu za dhahabu za shilingi 100, 250 na 500 zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Za shilingi 500 zilitolewa 500 tu. Idadi hiyo haiwezi kuongezeka tena. Linganisha na kilichotokea Marekani mwaka 2014, ilipotolewa sarafu ya dhahabu ya kumkumbuka Rais Kennedy. Watu walilala kwenye foleni, na wa kwanza wakaziuza hapohapo kwa bei za ajabu kuliko dola 1,240 walizolipa, mpaka mauzo ya ana kwa ana yakasimamishwa kwa sababu za usalama. Lakini sarafu hiyo haikuwekewa ukomo wa idadi. Kila aliyeagiza alipata. Homa ilipopoa, bei zikashuka zikaifuata dhahabu. Aliyenunua siku ya kwanza kwa mbio alilipia foleni.

Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu sarafu yoyote inayotangazwa liwe hili: zitatolewa ngapi? Swali la picha lije baadaye.

Gramu nne na pointi moja

Jioni moja hapa Singida mjini kijana mmoja alinifuata, akanipa shikamoo kwa heshima, akafungua leso juu ya meza. Ndani mlikuwa na sarafu ya manjano yenye tembo.

"Mzee, nimeambiwa ni ya Mjerumani, ile ya Tabora. Nimetoa laki nane. Aliyeniuzia alisema nikipata mzungu naenda kujenga."

Nilimwuliza anafanya kazi gani. Akasema yuko machimboni, anafanya kwenye maduara, miaka sita sasa. Nikatoa mizani ndogo ya betri, ile ile wanayotumia mabroka, nikaiwasha ikasoma sifuri, nikamwambia ya kweli hufika gramu saba, kisha aiweke mwenyewe. Namba zikacheza, zikatulia: 4.1.

Hakusubiri niseme. "Gramu nne na pointi moja," alisema taratibu. "Na wewe ulisema inatakiwa saba."

Nikamwambia tumalizie kipimo, ili aondoke na elimu walau. Tukachukua glasi ya maji, tukaiweka juu ya mizani, tukairudisha mizani kwenye sifuri. Tukaifunga sarafu kwa uzi mwembamba, akaishusha ndani ya maji mpaka ikazama yote bila kugusa chini wala ukuta wa glasi. Mizani ikasoma karibu nusu gramu. Hiyo namba ndiyo nafasi ambayo sarafu imechukua ndani ya maji. Ukigawa uzito wa sarafu kwa namba hiyo unapata uzani wa kitu kilichotumika. Sarafu yake ilitoa kati ya 8 na 9. Hiyo ni shaba nyeupe. Rupia 15 ya kweli hutoa kati ya 15 na 16. Duma wa 1974 hutoa zaidi kidogo ya 17. Dhahabu safi ni 19.3.

Kilichoniuma ni jambo moja. Kijana huyu akiwa kazini hapokei wala hatoi punje ya dhahabu bila mizani. Pointi moja ikipungua anagombana. Anajua karai, anajua marudio, anajua namna zote za kuchakachua dhahabu. Lakini siku aliyoletewa kitu chenye hadithi, mizani aliiacha nyumbani. Hadithi ilipokelewa bila kupimwa.

Kwa hiyo, msomaji, shika utaratibu huu. Kwanza, uzito: mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu si ghali, na sarafu ya dhahabu iliyotunzwa haipungui sana uzito wake wa kiwandani. Pili, kipenyo na unene, kwa kalipa ya fundi; dhahabu ni nzito kuliko shaba, hivyo ya bandia yenye ukubwa sawa itakuwa nyepesi, na yenye uzito sawa itakuwa nene au pana kupita kiasi. Tatu, sumaku: dhahabu haivutwi, ingawa shaba nayo haivutwi, kwa hiyo kipimo hiki kinakataa tu, hakithibitishi. Nne, maji, kama tulivyofanya. Tano, lenzi ya mkono: tazama herufi, ukingo na manyoya ya tai, sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo na herufi laini, wakati iliyopigwa chapa ina kingo kali. Usitegemee kipimo kimoja. Kuna madini ya tangisteni yenye uzani unaokaribia sana dhahabu safi, na wajanja hulitumia hilo.

Kuna nakala nyingi za rupia 15 duniani, nyingine hata za dhahabu ya kweli zilizotengenezwa miaka ya karibuni. Nakala ya dhahabu ina thamani ya dhahabu yake, basi. Ukiwa na kitu unachoamini ni cha kweli na cha bei kubwa, gharama ya kukipeleka kwa wapimaji wanaotambulika kimataifa kama PCGS au NGC, ambao hukichunguza na kukifunga kwenye kasha lenye namba, inalipa. Kwa kitu cha bei ndogo hailipi.

Mitego inayonasa watu wetu

Mtego wa kwanza ni kulipia mapema. Mtu anaonyesha mchoro mzuri: sura ya kiongozi, mlima, maneno ya miaka 60. Anasema nafasi zimebaki kumi, tuma nusu ya bei. Usitume. Sarafu halali ikitangazwa, tangazo litatoka Benki Kuu yenyewe, likiwa na uzito, kiwango cha dhahabu, idadi, bei na mahali pa kununulia. Kutoka Singida, ofisi zake za karibu ziko Dodoma. Nauli ya basi kwenda kuuliza ni ndogo kuliko hasara utakayoipata. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Pesa iliyo mkononi mwako ndiyo mbachao.

Mtego wa pili ni medali kuuzwa kwa jina la sarafu. Kampuni yoyote inaweza kutengeneza kipande cha dhahabu chenye twiga na Mlima Kilimanjaro. Kama hakina thamani ya fedha iliyoandikwa na hakikutolewa kwa mamlaka ya Benki Kuu, hicho ni pambo. Kinaweza kuwa pambo zuri. Lakini kinunue kwa bei ya pambo.

Mtego wa tatu unatuhusu sana sisi wa mikoa ya kati: rupia na hazina ya Mjerumani. Mtu anakuja usiku, anasema kuna sanduku lilifukiwa chini ya mwamba, linahitaji mganga, kuku mweupe na milioni mbili za maandalizi. Au anauza rupia inayodaiwa kuvuta punje za mchele. Miamba ya Singida ni mizuri na mikubwa, na chini ya mingi yake yamebaki mashimo ya watu waliouza ng'ombe wao kufuata maneno hayo. Rupia ya kawaida ya Mjerumani ni ya fedha, ina wanunuzi wake, na haivuti mchele. Tena kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali kunamwingiza mtu kwenye Sheria ya Mambo ya Kale. Ukikuta kitu cha zamani ulipokuwa unalima, kipeleke kikatambuliwe kabla ya kukiuza, na kabla mtu hajakivusha mpaka.

Mtego wa nne ni wa ndani: kununua kwa mkopo. Nawasihi mnaokaa kwenye vikoba na mnaosubiri malipo ya alizeti, msinunue sarafu kwa pesa yenye riba. Sarafu haizai. Ng'ombe huzaa, shamba huzaa, hata kuku wa kienyeji huzaa. Sarafu hukaa kimya ikisubiri siku yake, na siku hiyo inaweza kuchukua miaka ishirini.

Ukishaipata, itunze

Usiisafishe. Narudia, kwa sababu ndilo kosa linaloharibu sarafu nyingi nzuri majumbani mwetu: usiisafishe. Majivu, ndimu, dawa ya meno, mchanga laini, vyote huondoa ngozi ya juu na kuacha mikwaruzo ambayo mnunuzi mzoefu huiona papo hapo chini ya taa. Nyongeza yote inaweza kuondoka kwa dakika mbili za kusugua, ikabaki bei ya dhahabu tu.

Usiipeleke kwa sonara ikawekewa kipete cha kupitishia mkufu. Ikishachomelewa, kwa mkusanyaji imekufa, itabaki kito.

Ishike kwenye ukingo kwa vidole viwili, usiguse uso wake. Iweke peke yake kwenye kikasha au karatasi ngumu isiyo na gundi, mahali pakavu. Mifuko laini ya plastiki hutoa mafuta yanayoacha utando wa kijani kwenye sarafu. Kama ilikuja na sanduku na cheti, vitunze vyote viwili. Sarafu iliyopoteza cheti ni kama ng'ombe aliyepoteza alama ya mwenyewe, uzuri wake upo lakini maneno yanaongezeka.

Na iandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, bei, uzito, aliyekuuzia na risiti. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini ndani ya nyumba. Mjane akiikuta sarafu ya dhahabu kwenye kopo la vifungo bila maelezo, ataiuza kwa bei ya kifungo.

Kama bado unataka kubashiri

Basi bashiri vizuri. Weka daftari la tarehe zinazokuja: miaka ya Uhuru, ya Muungano, ya Benki Kuu. Orodhesha wanyama na viongozi waliokwisha kutokea na miaka yao. Andika ubashiri wako na tarehe uliyouandika, uufunge. Sarafu ikitoka, ufungue uone ulikosea wapi. Ukifanya hivyo miaka kadhaa utakuwa umejifunza historia ya nchi kuliko wengi, na hujapoteza hata shilingi.

Ukitaka pesa yako ishiriki, iweke kwenye kilichokwisha kutoka, chenye idadi inayojulikana na uzito unaopimika. Nunua kimoja kizuri badala ya vitano vya wasiwasi. Nunua pale ambapo nyongeza iko karibu na dhahabu, ili siku ukikosea, dhahabu ikupokee.

Na kuna njia ya tatu ambayo wakusanyaji wetu hawaitumii: kupendekeza. Badala ya kukaa tukikisia wengine watachora nini, tuandike. Mimi nina pendekezo langu, nalisema waziwazi. Sarafu ya dhahabu ya mwaka 1916 ilitoka kwenye udongo wa Iramba, ikabeba tai wa Ujerumani. Jina la Sekenke halimo, na wachimbaji walioingia kwenye mashimo yale hawamo. Leo Singida bado inatoa dhahabu: wachimbaji wadogo wako kazini, na tangu mwaka 2023 mgodi mkubwa ulioko Ikungi nao unazalisha. Benki Kuu nayo imeanza kununua dhahabu ya ndani kwa ajili ya akiba ya taifa. Ningependa siku moja kuona sarafu ya dhahabu ya Tanzania yenye mchimbaji, taa yake na karai lake, na mwamba wa Singida nyuma yake. Nitaiandikia Benki Kuu barua kwa Kiswahili, na wewe andika yako. Walimu wa sanaa, wapeni wanafunzi kazi hiyo, wachore, na michoro yao muiambatanishe na barua zenu.

Hilo ni tumaini langu, na sijaliwekea hata senti moja. Siku Benki Kuu itakapotangaza sarafu, iwe na mchimbaji au na nyati, nitasoma tangazo mpaka mwisho, nitatafuta uzito, kiwango na idadi, nitapiga hesabu ya dhahabu yake kwa kalamu, ndipo nitakapoamua. Nawe fanya hivyohivyo. Na yeyote atakayekuja kwako kabla ya siku hiyo akiwa na mchoro mkononi na akaunti ya kutumiwa pesa, mwombe jambo moja tu: aiweke sarafu yake juu ya mizani.